Chai Ng'ambo ya Yordani

Minneapolis,
12 Oktoba 2024

Kaka yangu mpendwa Naftali,

Bwana asifiwe, kaka. Nakusalimu kwa jina la Yule aliyetuamsha leo, wewe huko Nkubu na mimi huku kwenye baridi ambayo haijaingia lakini imeshabisha hodi. Je, kidonda cha shingo kinakauka? Uji unapita? Mkeo Nkatha naye, mgongo umemwacha? Sisi ni wazima. Fiona yuko mwaka wa pili chuoni, amerefuka kama marehemu Mama. Kiswahili anakisikia chote, ila akifungua mdomo kujibu ni Kizungu. Nimezoea.

Kaka, naona tuachane na simu. Juzi nilikuuliza, "Umelala vizuri?" ukagonga kwa kidole, mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Ukagonga mara mbili. Basi mimi naongea, wewe unagonga, mimi naongea, wewe unagonga, mpaka nikaona kama nimempigia fundi wa mabati. Nililia nikachelewa shifti. Mtu ambaye sauti yake ilijaza hoteli nzima kila Jumapili, na gitaa na kofia ya kauboi, leo anagonga! Tuandikiane kwa kalamu kama zamani. Wewe andika, Nkatha apige picha ya karatasi anitumie. Mimi nitafanya vivyo hivyo.

Kuja siwezi, unajua. Kesi ya makaratasi yangu bado iko mezani kwa serikali. Nikitoka nchi hii sirudi, na Fiona hana mwingine. Nimelisema mara moja, sitalirudia kila barua.

Lakini kitu kingine chochote, niambie. Mimi huosha na kulisha wazee wa watu katika nyumba ya wagonjwa huku mji wa Savage, wazee ambao hata jina langu hawalijui. Nishindwe kumfanyia ndugu yangu jambo moja? Sema tu.

Dada yako,
Kendi


Nkubu, Meru,
19 Oktoba 2024

Dada Kendi,

Amina, Bwana asifiwe. Barua imefika kabla uji haujapoa. Nkatha amenisomea, kisha nikaisoma mwenyewe, maana yeye huruka mahali pa kulia. Ati fundi wa mabati! Nimecheka mpaka hiki kitundu cha shingoni kikapiga mluzi. Ndicho chombo changu cha muziki sasa.

Kuhusu afya nitakuambia kweli, kwa sababu wewe ni mtu wa wagonjwa. Walikata koo, lakini saratani ilikuwa imeshahama. Daktari amesema nikapumzike nyumbani, na wewe unajua wakisema hivyo wanamaanisha nini.

Umesema niseme. Unakumbuka ile santuri ya Yordani? Yule mishonari Mmarekani alipohamishwa alimwachia Baba sanduku la santuri za tenzi, na katikati ya tenzi ilikuwamo hii moja yenye gitaa na fidla. Mtu anaaga nyumbani, anamwambia mke asilie, anavuka Yordani. Ng'ambo taa zinawaka, waliotangulia wameandaa meza, fidla hazinyamazi hadi kuche. Baba akautia wimbo huo Kiswahili, kanisa likaupokea. Tulimzika Baba nao. Tukamzika Mama nao. Ndio ulionitia ugonjwa wa muziki wa kantri, nikaacha ualimu wa nasari nikanunua kofia.

Lakini dada, tunazo beti mbili tu. Kwenye ubeti wa tatu santuri ina mkwaruzo, sindano ikifika pale inaruka na kurudi mwanzo. Miaka yote tunaimba mbili kisha tunarudia wa kwanza, na watu hudhani ndivyo ulivyotungwa.

Kwenye karatasi ya katikati pameandikwa St. Paul, Minnesota. Kendi! Si ni ng'ambo ya mto tu kutoka kwako? Nitafutie ubeti wa tatu. Gilbert wa kwaya yuko tayari kuwafundisha. Siku yangu nataka uimbwe wote. Nataka kujua yule mtu alifikaje.

Pale hotelini nilikuwa nikiwasimulia watu habari ya yule mwimbaji mkubwa aliyefia kwenye kiti cha nyuma cha gari, Mwaka Mpya wa 1953, akipelekwa kuimba. Ukumbini walipotangaziwa, watu walicheka kwanza. Walidhani ni visingizio vyake vya kuchelewa. Walipoelewa, wakasimama wakaimba wimbo wake wa injili, ukumbi mzima. Mimi sitaki zaidi ya hapo. Wacheke kidogo, kisha waimbe.

Kaka yako asiye na kelele,
Naftali


Minneapolis,
9 Novemba 2024

Kaka mpendwa,

Salamu katika Kristo. Nakuombea kila nikiingia garini, na tangu theluji ianze ninaomba kwa macho wazi. Unameza bado? Mwambie Nkatha asikulaze chali, akuwekee mito miwili, na asikupe maji matupu, yatakupalia.

Nimeanza kazi uliyonipa. Kwanza nilimuuliza Dominic, shemasi wetu, kama anajua mahali pa santuri za zamani. Akashangaa. "Dada Kendi, kantri? Si hiyo ni ya Wazungu wa malori?" Nikamwambia, "Wewe mtu wa Nyeri, kwenye harusi yako mlicheza nini?" Akakohoa, akanielekeza kwenye maduka. Nimezunguka matatu, mawili hapa karibu nasi mtaa wa Phillips na moja St. Paul. Hawana. Wanaandika jina langu, wanasema watapiga.

Lakini sikia hili. Jumatano nilitumwa kushika shifti ya mtu katika mji wa Shakopee. Theluji ilikuwa inapiga kioo, nikapitiliza mahali pa kutoka barabara kuu. Nikaendelea nikitafuta pa kugeuzia, mara naona kibao cha kijani, herufi nyeupe: Jordan, yaani Yordani. Na mshale. Kaka, mwili ulinisisimka. Niliweka gari kando, nikawasha taa za tahadhari, nikainamia usukani nikaomba. Polisi akaja akagonga dirisha. Unajua mimi na polisi, na yale makaratasi. Akauliza, "Mama, uko salama?" Nikasema, "Niko salama sana." Akanitazama, akaenda zake.

Nilimweleza Fiona. Akasema, "Mama, ni mji tu. Wanauza peremende na matufaha." Mwache. Mimi nimeipokea kama ishara. Ubeti wako upo, na Mungu ananionyesha njia kwa vibao vya barabarani kwa sababu anajua mimi si msomi.

Dada yako,
Kendi


Nkubu,
17 Novemba 2024

Dada Kendi,

Bwana awe nawe. Nkatha amekusikia, mito ni miwili. Uji umekuwa mgumu kumeza, sasa ni maziwa kwa kijiko, na mengine hurudi puani.

Nimemsimulia Gilbert habari ya kibao cha Jordan. Ameisimulia kanisani. Watu walipiga makofi, Kendi! Mzee mmoja akauliza kama nauli ya kwenda huko ni kubwa.

Mkono unachoka, lakini nataka nikuambie kitu. Unakumbuka nilikuwa nikihubiri historia ya kantri kama Biblia? Mwaka wa 1927 nikiuita Mwanzo, watu wa milimani walipoitwa Bristol kurekodiwa katika jengo la kofia, na mmoja wa waimbaji ni mama mwenye mimba kubwa, anapiga gitaa hivyo hivyo. Na 1974 nikiuita Kutoka. Lile onyesho kubwa la redio la Nashville lilipohama ukumbi wake wa zamani, jengo lililokuwa limejengwa kwa ajili ya mahubiri, walikata mbao za jukwaa kwa umbo la duara, wakaenda kuzipachika katikati ya jukwaa jipya. Ili kila aimbaye akanyage walipokanyaga waliotangulia. Nilipokuwa nikifika hapo nilikuwa nakanyaga sakafu ya hoteli, pu! na watu wananyamaza.

Mimi nilikuwa nikiamini hivyo, kwamba kuna mbao chini ya miguu. Sasa nalala nikitazama dari na sizisikii mbao. Ninaogopa, Kendi. Sijamwambia mchungaji, atakuja na watu ishirini kuniombea na sina nguvu za kuwapikia chai. Sijamwambia Nkatha; nimemwomba karatasi hii aipige picha bila kuisoma. Nikisoma Neno, macho yanapita juu tu. Kitu kimoja tu bado kinanishika, huo wimbo. Ulimvusha Baba, ukamvusha Mama, na mahali fulani kuna ubeti ambao mtu anafika. Nikiusikia huo nitatulia.

Harakisha, dada.

Kaka yako,
Naftali


Minneapolis,
15 Desemba 2024

Kaka yangu Naftali,

Bwana asifiwe. Nisamehe kwa kukaa kimya mwezi mzima. Kazi zilinibana, na baridi ni kali. Natumaini maziwa bado yanapita.

Ubeti nimeupata. Nimeutia Kiswahili mwenyewe, kama Baba alivyofanya, Gilbert aweze kuwafundisha. Huu hapa:

Nimefika ng'ambo, viatu vimelowa,
mlango u wazi, jina wamelijua;
mama ameinuka, ametenga birika,
asema, "Keti mwanangu, chai imeiva."

Basi, ndio huo. Mtu alifika. Tulia sasa, kaka. Naenda kazini.

Dada yako,
Kendi


Nkubu,
18 Desemba 2024

Kendi,

Salamu. Leo naandika kidogo kidogo, mstari mmoja napumzika.

Gilbert amelia. Kwaya imeushika kwa siku moja. Wameuimba hapa dirishani kwangu, na majirani wakatoka. Ni ubeti mzuri.

Lakini dada, mimi nimesikiliza kantri miaka arobaini. Nimesikia wiski. Nimesikia bia, na kahawa nyeusi kwenye vibanda vya barabarani. Sijawahi kusikia mama Mzungu akitenga birika na kusema chai imeiva. Hiyo ni jikoni kwetu. Hilo birika nalijua hata mahali lilipobonyea.

Umenipa Mama. Asante. Lakini santuri uliipata, kwa sababu usingeipata ungesema hujaipata. Wewe tangu utoto ukidanganya unaandika kwa kifupi.

Kuna nini mle? Niambie kama kilivyo. Nimezungukwa na watu wanaoniambia nitapona. Daktari anagonga, mchungaji anagonga, Nkatha anagonga, kelele tu bila neno la kweli. Usinigongee na wewe.

Naftali


Minneapolis,
29 Desemba 2024

Kaka yangu wa pekee,

Kwa jina la Yesu nakusalimu, na leo siulizi hali, naijua.

Nimefunga siku tatu nikiuliza kama nikuandikie. Mungu hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kwa hiyo naandika kwa sababu ni wewe umeomba, na katika maisha yetu yote hujaniomba vitu vingi.

Mwishoni mwa Novemba duka moja la hapa lilinipigia. Nikaenda na Fiona. Mwenye duka anaitwa Lenny, mzee wa ndevu nyeupe, mpole. Akaitoa santuri kwenye jalada lake, haina mkwaruzo hata mmoja. Nikamwambia, "Huu wimbo ulimzika baba yangu na mama yangu, Afrika." Akaacha kuipangusa. Akasema, "Huu?" Nikasema, "Ndiyo, ni wa kuvuka Yordani." Akanitazama kama mtu anayetaka kunitoa uchafu usoni na anaona haya. Akasema, "Mama, Jordan ni hapo chini tu, ukipita Shakopee. Zamani kulikuwa na ukumbi wa dansi na bia. Jumamosi waume walikuwa wakiwatoroka wake zao, wanavuka mto kwenda kulewa. Huu ulikuwa wimbo wa baa zote za huku."

Fiona alicheka mpaka akashika rafu. "Mama! Mmemzika Nyanya na wimbo wa baa!" Hata mimi nilicheka, kaka, nakiri. Nilimwona Baba na tai yake akiutafsiri kwa kamusi, "taa zinawaka", kumbe taa za kilabu. Wale "waliotangulia" ni walevi waliofika mapema. Kwa nini mishonari aliitia kwenye sanduku la tenzi, sijui. Labda alikuwa akiikumbuka kwao.

Kisha Lenny akaniwekea vidude masikioni, ubeti wa tatu ukaja. Fiona bado anacheka, namwona mdomo tu. Nakuandikia ubeti unavyosema, sijaongeza kitu:

Kulipokucha walizima taa, wakafunga mlango kwa mnyororo. Walioniita kwa jina hawakunijua tena. Nikarudi mtoni, barafu niliyoivukia ilikuwa imekatika. Nikaita nyumbani, hakuna aliyeitika. Msivuke, ndugu zangu, Jordan hakuna mtu.

Halafu gitaa linanyamaza katikati, kabla wimbo haujaisha. Linaachwa hapo. Nilimuuliza Lenny kama imekatika. Akasema ndivyo ilivyo.

Nililipa nikaichukua. Iko chini ya kitanda changu. Mwezi mzima nikiona jina hilo kwenye kibao chochote barabarani ninageuza uso. Nilikuwa nimesimamisha gari nikiomba mbele ya njia ya kwenda kulewa.

Kaka, ni wimbo tu wa mlevi mmoja. Haujui lolote kuhusu Mungu. Najiambia hivyo, na wewe jiambie. Nakuomba ushike wangu, wa birika. Mimi ndiye niliyeutunga, lakini niliutunga kwa machozi, na labda yanahesabiwa. Nijibu hata neno moja.

Dada yako,
Kendi


Nkubu,
12 Januari 2025

Wifi yangu Kendi,

Bwana asifiwe hata katika hili. Pole, wifi. Pole tena. Natumaini Fiona anakushika mkono, na kwamba umeweza kula.

Kwa simu nilikuambia tu kwamba amelala, mengine sikuweza. Sasa nakuandikia, kwa kuwa ndivyo mlivyokuwa mkifanya na karatasi zimebaki hapa.

Barua yako ya mwisho nilimsomea mimi, macho yake yalikuwa yameanza kukataa. Kwenye habari ya kilabu alicheka, mluzi ukatoka mpaka nikaogopa. Alinishika mkono nirudie pale pa Baba na tai yake. Nikarudia, akacheka tena. Kisha nikasoma ule ubeti. Akaomba nirudie na huo. Halafu akageukia ukutani. Nilimletea kalamu ili akujibu, akaisukuma. Alikaa hivyo siku mbili. Siku ya tatu aliniomba karatasi kwa mkono, akaandika neno moja: Wasiimbe.

Nilimwuliza, wasiimbe ubeti huo, au wimbo huo? Akagonga kitanda mara mbili. Nikamwuliza, wasiimbe kabisa? Akagonga mara moja. Hakugonga tena. Alikwenda Ijumaa ya tarehe tatu, asubuhi, macho wazi.

Wifi, sikulaumu. Ila nitakuambia lililo moyoni, maana sina wa kumwambia. Aliomba ukweli, ni kweli aliuomba. Lakini hata maji alikuwa akiyaomba, na wewe mwenyewe ulituambia tusimpe maana yatampalia. Ungemnyima na hili.

Mazishini Gilbert alikuwa tayari na kwaya, nguo mpya, ubeti wako wameushika vizuri. Nikasimama, nikasema, "Marehemu ameagiza tusiimbe." Watu wakacheka, wifi. Walimjua. Walidhani ni mzaha wake wa mwisho, kwamba sasa hivi gitaa litaanza mahali. Hata mchungaji alitabasamu. Nikarudia. Ndipo kicheko kikazima, wakatazamana. Marehemu alikuwa akinisimulia ya yule wa kiti cha nyuma cha gari, kwamba kule walicheka kisha wakaimba. Hapa walicheka, kisha hakuna aliyeimba.

Ulikuwa ukitazama kwa simu ya mtoto wa Gilbert. Nimeona baadaye ulivyoandika, "Sauti imekatika, tafadhali rekebisheni sauti," mara nyingi, na hakuna aliyekujibu. Haikuwa imekatika, wifi. Ulisikia kila kitu. Ni udongo tu uliokuwa ukiingia kaburini, na baadaye vikombe, watu walipokuwa wakinywa chai.

Wifi yako,
Nkatha